Mita Tano za Bi Saleha

Katika mtaa wa Mabawa, mjini Tanga, walikuwapo watu wanaojua fizikia na watu wasioijua, na katikati yao alikuwapo Bi Saleha, ambaye hakuijua lakini hakuna aliyepata kumuuliza. Miaka thelathini na mmoja alifundisha Historia na Kiswahili katika sekondari za serikali, na miaka hiyo yote aliishi nyumba moja na mwalimu wa fizikia. Kwake hilo lilitosha kuhesabiwa kama cheti.

Mumewe, Mwalimu Uweso, alipostaafu hakukaa barazani kupiga soga kama wastaafu wenzake. Alitundika ubao mweusi kwenye ukuta wa baraza ileile, akaanza kuwafundisha watu wazima waliokuwa wakirudia mtihani wa kidato cha nne: waendesha bodaboda, wahudumu wa zahanati, mama mmoja wa watoto wanne aliyeacha shule kwa ajili ya yule wa kwanza. Alikuwa akiwaeleza kwa Kiswahili mpaka waelewe, ndipo awape Kiingereza cha mtihani. Ikawa msemo mtaani kwamba jambo likitoka katika nyumba ya Mwalimu, huna haja ya kulipima tena. Bi Saleha aliupenda msemo huo kuliko alivyozipenda bangili zake. Mtu akimwambia kwamba fulani aliyefundishwa pale amefeli, alimjibu kwa upole kwamba huyo alifeli kwa juhudi zake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti Mwalimu Uweso akafariki, baada ya swala ya adhuhuri, bila kumsumbua mtu. Bi Saleha akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hakuna udi, hakuna wanja, hakuna kutoka ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu wake asionane nao uso kwa uso. Wifi yake Nasra, dada wa marehemu, akahamia kumshughulikia. Nasra naye alikuwa mjane, wa muda mrefu zaidi, mwenye ulimi usiofungwa na kitu, na mkononi hakukosa ukili aliokuwa akiusuka kwa ajili ya mkeka ambao hakuna aliyeuona ukiisha.

Wiki ya tatu wanafunzi wanane walikuja kutoa pole. Walikaa barazani chini ya dirisha la sebule, na Bi Saleha akakaa ndani, pazia zito likiwa baina yao. Baada ya dua akazungumza Jenifa, Mbondei wa upande wa Muheza aliyekuwa akifanya kazi ya usafi katika zahanati, na aliyekuwa mwanafunzi wa Mwalimu kwa miaka miwili.

"Bibi, samahani kwa kuuliza wakati kama huu. Mtihani ni Novemba, na mada tuliyobakiza ni ya nishati mwendo. Kule Ngamiani kuna kijana amefungua tuisheni, ana kipaza sauti. Tuhamie kwake?"

Pengine isingekuwa kipaza sauti, Bi Saleha angefikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Nyumba hii haijafungwa," alisema. "Jumamosi saa nane mchana, kama kawaida. Njooni na madaftari."

Wakashukuru, wakaaga. Nasra alingoja mpaka ndara za mwisho zilipoondoka barazani.

"Wifi, nani atawafundisha?"

"Mimi."

"Utawafundisha nini?"

"Nishati mwendo."

"Ndiyo nini hiyo?"

Bi Saleha akamwambia kwamba huo haukuwa wakati wa kuanza mambo marefu.

Aliokolewa, au hivyo ndivyo alivyoona, na daftari la kijani. Alilikuta katika kabati la marehemu, limeandikwa kwenye jalada "Nishati Mwendo: Maswali Arobaini." Alilifungua katikati, na palepale katikati akaona swali, na chini ya swali jibu lake, hatua kwa hatua, kwa ule mwandiko uliolala kidogo upande wa kulia. Akafunua kurasa mbili mbele, mbili nyuma: kila swali na jibu lake. Akalifunga, akashusha pumzi. Maswali matano kila Jumamosi, Jumamosi nane, kazi imekwisha. Na pazia lililowekwa kwa ajili ya stara likawa msaada ambao hakuuombea dua, kwani hakuna aliyeweza kuona kwamba mwalimu anasoma.

Alisoma vizuri. Hilo hata Nasra hakulikana. Alikuwa na sauti ambayo zamani iliwafanya wanafunzi wa kidato cha pili waamini kwamba alikuwapo kwenye Vita vya Majimaji, na sauti hiyo ikaingia fizikia bila kupoteza kitu.

"Nishati mwendo," alisema, "ni uwezo wa kufanya kazi ambao kitu kinao kwa sababu kinakwenda. Chukua nusu ya tungamo, yaani nusu ya kilo zake. Zidisha kwa kasi, kisha zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo. Jibu lako ni jouli."

Barazani kalamu zilikwaruza. Bi Saleha alipenda mlio huo. Jumamosi ya tatu alianza kuongeza maneno yake mwenyewe baina ya hatua moja na nyingine, kama "bila shaka" na "kama tunavyojua." Jumamosi ya tano alimwambia Nasra kwamba kwa kweli fizikia haikuwa ngumu, watu waliitisha tu kwa kuifundisha vibaya.

Mwezi wa Septemba aliongezeka mwanafunzi wa tisa, Rahimu, Mdigo wa Moa, mwendesha bodaboda wa kijiwe cha pale kona. Yeye hakuwahi kufundishwa na marehemu. Alikuwa amefeli fizikia mara mbili, na bila ufaulu wa fizikia hakuweza kupokewa katika chuo cha ufundi alikotaka kusomea injini za meli. Alikuja kwa sababu ya msemo wa mtaani. Alikaa karibu kabisa na dirisha na kuandika kila neno, hata yale ya "bila shaka."

Mwishoni mwa Oktoba wakafika swali la thelathini na nane. Pikipiki na mpandaji wake wana kilo mia mbili. Inakwenda mita tano kwa sekunde, yaani kilomita kumi na nane kwa saa, kwa hiyo ina nishati ya jouli elfu mbili na mia tano. Breki zinaivuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni elfu moja, na inasimama baada ya mita mbili na nusu. Je, ikiwa inakwenda mita kumi kwa sekunde, yaani kilomita thelathini na sita kwa saa, itasimama baada ya mita ngapi?

Daftari la kijani likajibu: kasi imekuwa mara mbili, kwa hiyo nishati nayo ni mara mbili, jouli elfu tano. Itasimama baada ya mita tano.

"Mita tano," alisema Bi Saleha. Akaona mahali pale panahitaji uzito kidogo, akaongeza la kwake: "Hata asiyesoma analiona hilo."

Nje kalamu zikasita. Kisha Jenifa akakohoa.

"Bibi, tuandike hivyo hivyo?"

"Andikeni kama lilivyo."

"Ahsante, Bibi," alisema Jenifa, na katika sauti yake mlikuwa na tabasamu ambalo Bi Saleha alilichukua kuwa ni adabu.

Jumatatu, baada ya alasiri, Mwinyijuma muuza madafu akabisha hodi. Mkokoteni wake ulikaa miaka yote kwenye kijiwe cha bodaboda, na yeye na marehemu walikuwa watu wa msikiti mmoja. Nasra akamkaribisha barazani, akasuka ukili wake mlangoni, na Bi Saleha akaja dirishani.

"Makiwa, Bi Saleha."

"Tunayo, Mwinyijuma."

"Nimekuja kwa jambo la madafu, ila silo la biashara. Huyu Rahimu wenu jana kachora mstari barabarani kwa chaki. Akatangaza kwamba atakuja mshale wa spidi uko kwenye thelathini na sita, atabana breki penye mstari, na atasimama mita tano mbele. Wenzake wakamcheka. Mimi mkokoteni wangu uko mita tisa toka kwenye mstari. Wakaniambia, mzee, sogea. Nikamuuliza Rahimu, hesabu hii ya nani? Akasema, ya nyumba ya Mwalimu Uweso. Nikawaambia basi sisogei, nina mita nne za akiba."

"Ikawaje?" Nasra aliuliza, ukili umesimama mkononi.

"Ikawa alipofika kwenye ile mita ya tano alikuwa bado anakuja. Kabana breki kweli, tairi inalia, na macho yamemtoka. Niliona wazi kwamba hata yeye anashangaa. Mkokoteni ukapinduka, madafu hadi kwenye mfereji, na Rahimu kakaa katikati yake kama mteja."

"Ameumia?" Bi Saleha alikuwa ameinuka kitini.

"Goti limechunika. Na taa ya mbele ya pikipiki imepasuka." Mwinyijuma akajikuna shingo. "Sikuja kudai, Bi Saleha. Yaliyopasuka tuliyanywa palepale. Nimekuja kuuliza tu. Ingekuwa hesabu ya Rahimu mwenyewe, ningehamia Pangani. Lakini imetoka humu, na sasa kijiwe kizima kinaniuliza, nami sina la kusema. Hesabu ya humu imekosea, au ni breki zake?"

Hapo Bi Saleha angeweza kusema kwamba ataangalia. Ni neno jepesi, na alikuwa amewafundisha watoto wa watu kulisema.

"Breki," alisema. "Vijana hawa hawatengenezi breki."

"Nilijua," alisema Mwinyijuma, uso umemkunjuka. "Niliwaambia." Akaaga, akaenda kuwaambia tena.

Bi Saleha alibaki dirishani akijisikia kama mtu aliyemsingizia mtu wizi, ingawa aliyesingiziwa alikuwa ni jozi ya breki. Baada ya magharibi alichukua daftari la kijani, karatasi na kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kufundisha nishati mwendo akapiga hesabu ya nishati mwendo. Kilo mia mbili, nusu yake mia moja. Kasi ni kumi, kumi mara kumi ni mia. Mia mara mia ni elfu kumi.

Akatazama daftari. Elfu tano.

Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu kwa simu, kwa kudhani huenda simu ingeonyesha heshima zaidi. Elfu kumi, na kwa breki za nyutoni elfu moja, mita kumi. Kwa hiyo mumewe alikosea. Bi Saleha hakujivunia furaha ndogo iliyomjia wakati huo, lakini ilimjia, kwani katika miaka yote ya ndoa yao hakupata kumshinda Uweso hata kwenye bei ya samaki. Furaha ile haikudumu. Uweso hakuwa mtu wa kukosea kuzidisha kumi kwa kumi. Na zaidi ya hapo, hesabu ilisema mita kumi lakini yeye bado hakuona ni kwa nini. Mwendo umezidi mara mbili. Basi njia ya kusimama ingezidije mara nne? Mbili nyingine zimetoka wapi?

Akainuka, akaanza kutembea katika ukumbi, toka mlango wa jikoni hadi mlango wa mbele, akihesabu kwa sauti ndogo. Akatembea polepole. Akatembea haraka. Akarudi nyuma, akasimama ghafla, akaanza tena.

"Wifi," Nasra aliita toka jikoni, "kama ni majonzi niambie nije. Kama ni mazoezi, eda hairuhusu."

"Kila sekunde breki inapunguza mwendo kwa tano," alisema Bi Saleha, hakuwa akimjibu. "Akija na tano, sekunde moja, kasimama. Akija na kumi, sekunde mbili. Ndiyo mbili ya kwanza." Akasimama katikati ya ukumbi, kidole juu. "Na katika sekunde hizo zote anakwenda mbio mara mbili ya yule wa kwanza. Anameza njia zaidi kwa kila sekunde, na sekunde zenyewe ni nyingi zaidi. Mbili mara mbili, Nasra."

"Nne," alisema Nasra. "Njoo ule."

Hakula. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na alikuwa ameelewa jambo ambalo lilipita katika nyumba yake kila siku kwa miaka thelathini bila kumgusa. Akalichukua tena daftari ili aone marehemu aliliandika mwaka gani, na kwa ajili ya tarehe akafunua ukurasa wa kwanza, ambao hakuwahi kuufunua. Ulikuwa umeandikwa kwa wino mwekundu.

"Majibu ya daftari hili yamekosewa kwa makusudi, kila moja kwa kosa ambalo wanafunzi hulifanya. Kazi yako ni kulitafuta. Majibu sahihi yamo katika daftari la bluu. Soma maelekezo haya kabla ya kuanza." Na neno "kabla" limepigiwa mistari miwili.

Miaka thelathini na mmoja Bi Saleha aliandika pembeni mwa karatasi za mtihani, kwa wino wa rangi hiyo hiyo, "Hukusoma maelekezo." Kwa makadirio ya chini alikuwa ameyaandika maneno hayo mara elfu kumi, na alikuwa ameyaandika kwa raha. Alikaa kitako juu ya kitanda, daftari mapajani, mpaka Nasra akaja kuona kulikoni. Nasra alisoma ukurasa, akamtazama wifi yake, akasoma tena. Kisha akacheka mpaka ukili ukamtoka mkononi, akakaa naye kitandani, akaendelea kucheka huku amemshika bega.

"Thelathini na nane," alisema Bi Saleha. "Nimewafundisha makosa thelathini na nane."

"Kwa sauti nzuri," alisema Nasra. Alipopata pumzi akawa mtu wa shauri. "Sikiliza. Marehemu alikuwa akiwatega, sivyo? Basi nawe uliwatega. Jumamosi waambie, nilikuwa nawapima. Unawapa la bluu, mambo yamekwisha. Nani atajua?"

Bi Saleha alisema kwamba hilo lingekuwa uwongo. Nasra akasema ndiyo, lakini mdogo, na wa kulinda jina la kaka yake. Mpaka Jumamosi Bi Saleha alikuwa ameufanyia mazoezi.

Hakuhitaji hata kuusema. Jumamosi ile, siku tisa kabla ya mtihani, walipokwisha kukaa, Jenifa alianza kabla yake.

"Bibi, tunaomba radhi. Rahimu alikuwa haujui mchezo wa daftari la kijani. Sisi wa zamani tunaujua, Mwalimu alitufanyia hivyo kwenye mada zote. Tuliona unatutega kama yeye, tukasema tusimharibie Bibi darasa lake. Mimi nimeshayapata makosa yote ila mawili."

"Ile ya 'hata asiyesoma analiona,'" alisema mama wa watoto wanne, "hiyo ilikuwa kali. Mwalimu mwenyewe hakuwa akitega hivyo."

Wakacheka wote, wakamgeukia Rahimu na goti lake. Nyuma ya pazia Nasra alimtolea wifi yake macho, maana yake: pokea.

"Naam," alisema Bi Saleha.

Alikuwa amefundisha lugha maisha yake yote, na hakuwahi kuona neno fupi namna hiyo likibebeshwa mzigo mkubwa namna ile. Jina la nyumba lilikuwa limepona. Tena lilikuwa limepanda, kwa maana sasa mjane naye alitega kuliko mumewe.

"Mimi silaumu, Bibi," ilikuwa sauti ya Rahimu, karibu kabisa na dirisha. "Wakubwa wana namna yao ya kufundisha. Ila nina ombi. Nimefeli mara mbili, na mara ya tatu nyumbani Moa hawatanisomesha tena, wataniambia ndugu yetu, vua samaki. Nikikaa kwenye chumba cha mtihani nikakumbuka ulichosema, nitajuaje lipi la kweli na lipi la mtego? Maana yote uliyasema kwa sauti ileile."

Hakuna aliyecheka. Bi Saleha akamtazama Nasra, na Nasra akaweka kidole mdomoni. Upande mmoja lilikuwapo jina, lote zima, limekwisha kuokolewa. Upande wa pili alikuwapo mtu aliyeandika kila "bila shaka" yake. Alijaribu kutafuta sentensi ambayo ingemsaidia Rahimu na kuliacha jina mahali pake. Alikuwa hodari wa sentensi. Hii hakuipata.

"Haukuwa mtego," alisema. "Nilikuwa nasoma tu. Fizikia siijui, Rahimu, sikuisoma zaidi ya kidato cha pili. Na daftari nilianza kulisoma katikati. Ukurasa wa kwanza sikuufungua mpaka Jumatatu." Nasra akafumba macho. "Na breki zako ni nzima. Aliyemwambia Mwinyijuma kwamba ni mbovu ni mimi."

Bi Saleha akamwona akilini yule kijana wa Ngamiani na kipaza sauti chake.

"Breki nimezifungua zote, Bibi," Rahimu alisema mwishowe, taratibu. "Siku nne hizi. Nimesafisha, nimebadilisha, nimefunga, nimefungua tena. Sikuona ubovu, nikadhani mimi ndiye sioni."

"Nisamehe."

"Zimekuwa safi lakini."

Hapo mama wa watoto wanne akashindwa kujizuia, na baraza nzima ikaangua kicheko ambacho majirani walikisikia, na ambacho katika nyumba yenye eda hakikutakiwa. Bi Saleha alikisubiri kiishe. Ulikuwa ni wakati wa kunyamaza na kuwapa daftari la bluu, lakini alikuwa na jambo moja kifuani na hakuweza kulizuia.

"Ila hili la mita kumi nalijua," alisema. "Hili moja nalijua kweli."

Akawaeleza kama alivyolitembea ukumbini: sekunde mara mbili, na katika kila sekunde njia zaidi. Hakuwa na sauti ya Majimaji. Alisita mahali pawili, na mara moja alirudi mwanzo. Alipokwisha, Rahimu akasema, "Ndiyo maana kwenye mita ya tano nilikuwa bado nakuja. Nusu ya nishati yangu nilikuwa bado ninayo."

"Na kwenye mkokoteni ulifika na jouli ngapi?" Jenifa alimuuliza.

Kalamu zikakwaruza. Breki zilikula jouli elfu moja kwa kila mita. Mita tisa, elfu tisa.

"Elfu moja," alisema Rahimu. "Moja tu ndiyo iliyofanya vile?"

"Sasa jaalia ulikuja na sabini na mbili kwenye mshale," alisema Jenifa.

Rahimu akaandika. "Mara nne tena. Elfu arobaini. Nitoe tisa." Akainua kalamu. "Ningemfikia mzee Mwinyijuma na elfu thelathini na moja."

Siku hiyo aliiondoa pikipiki yake polepole kuliko alivyokuja nayo. Nasra alimchungulia mpaka akakata kona.

Siku tisa zilizobaki walikuja kila alasiri. Jenifa alisimama ubaoni na daftari la bluu, na Bi Saleha alikaa nyuma ya pazia na karatasi zake, mwanafunzi wa kumi. Alikuwa mwanafunzi mbaya wa aina anayoifahamu: mwepesi wa kujibu. Mtu wa kilo sitini anakimbia kilomita kumi na nane kwa saa. Ana nishati gani?

"Jouli elfu tisa, mia saba na ishirini," Bi Saleha aliita kabla ya mtu yeyote.

"Bibi," alisema Rahimu, "huyo mtu wako angeupindua mkokoteni wa Mwinyijuma karibu mara kumi, tena kwa miguu. Hukugeuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde."

Ilikuwa ni jouli mia saba na hamsini. Nasra aliikariri ile idadi ya kwanza na kuitaja kila alipotaka wifi yake ampishe jikoni.

Mtihani ukaja ukapita. Rahimu alipita dirishani jioni hiyo, akatoa shikamoo, akasema lilikuwapo swali la gari na breki, na kwamba aliandika mara nne na kuonyesha kwa nini. Mengine Mungu ndiye ajuaye. Matokeo yangetoka mwakani. Bi Saleha alikuwa amebakiza mwezi na kitu wa eda, na habari zake zilikuwa zimeshafika kila mahali ambako yeye hakuruhusiwa kufika.

"Wameniuliza dukani," Nasra alisema siku moja akifungua kanga aliyofungia sukari. "Eti ni kweli wifi yako hajui fizikia?"

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia hajui, ndiyo anaanza."

Bi Saleha aliona kwamba ingekuwa bora kusema anaendelea. Nasra alisema atafikiri. Kisha akakumbuka kitu, akatoa kipande cha karatasi ya kufungia chumvi.

"Mwinyijuma naye kaleta swali. Lile lori la mchanga linalokata kona pale kijiweni, mwendo wake ni arobaini na tano, dereva mwenyewe kasema. Anataka kujua mkokoteni aukalishe mita ngapi toka kwenye kona. Ila anasema safari hii usimpelekee jibu peke yake. Anataka aione hesabu yenyewe, mstari kwa mstari, hata kama hataielewa."

Bi Saleha alihisi masikio yakipata moto. Katika uhai wa Uweso hakuna muuza madafu aliyethubutu kudai kuonyeshwa hesabu. Alikaa na hasira hiyo kwa muda unaostahili, kisha akavuta kiti mezani. Akageuza arobaini na tano kuwa mita kumi na mbili na nusu kwa sekunde. Akasimama hapo.

"Nasra, lori la mchanga lina kilo ngapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi nenda umuulize Mwinyijuma. Na breki zake zinavuta kwa nguvu gani. Na mwambie mpaka nitakapojua hayo mawili," alisema, akachukua kitambaa akafuta miwani, "mwambie aukalishe mkokoteni upande wa pili wa mfereji."